Jaketi la Rangi ya Gome

Dada yangu mpenzi,

"Mto ulimpokea kama mmoja wa watu wake, naye akaondoka kwa amani." Ndivyo isemavyo kadi ya mwaliko niliyoletewa juzi, karatasi nzito, yenye picha ya mtumbwi na majani mawili pembeni. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili niliona uongo kuanzia neno la kwanza hadi nukta. Mto haupokei watu. Mto hauna watu wake. Mto ni maji yanayoteremka kwa sababu ardhi imeinama, basi. Na mdogo wetu hakuondoka kwa amani. Jinsi alivyoondoka nitakueleza kabla barua hii haijaisha, maana sijawahi kukueleza.

Lakini salamu kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua, na uliniambia barua isiyo na salamu haina tofauti na hati ya polisi. Habari za hapo nyumbani? Mama anaendeleaje na magoti? Bado anaikataa ile fimbo akisema ni ya wazee? Shemeji najua hajambo. Shemeji huwa hajambo hata akiwa na homa. Mwambie kiti chake cha kamba nilichokivunja sijakisahau, nitakuja kukitengeneza. Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonianza siku ile kimekwisha. Gazeti bado linachapisha makala yangu, ingawa mhariri ananitazama siku hizi kama mtu anayechungulia maziwa yaliyoko motoni. Jirani wa ghorofa ya chini ameniuliza mbona nimeacha kugombana na watu. Nimemjibu kuwa nimepata likizo.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Pale msibani, mbele ya wajomba wote, uliniuliza swali moja nami nikainamisha kichwa, mimi ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nilipoota meno. Uliniuliza: "Nilikukabidhi mdogo wako. Ilikuwaje wewe ukatolewa majini na yeye akaachwa?" Kimya changu ukakisoma kama hatia, na wajomba wakakisoma hivyo hivyo, na Mama akageuzia uso wake ukutani. Leo nakijaza kile kimya.

Nakijaza leo kwa sababu ya mambo mawili niliyoyasikia kwa Shemeji, na tafadhali usimgombeze, nilimbana mwenyewe. La kwanza, kwamba umekubali kusimama gatini siku msafara mpya wa mitumbwi utakapoondoka, utoe hotuba ya kumkumbuka mdogo wetu Kitinda. La pili, kwamba Binti ameombwa akae mtumbwi wa mbele, amevaa jaketi la baba yake. Lile lile alilokutwa nalo. Mama Utulivu, mwenye kambi ile ya mtoni, amelifua, amelitunza, na anataka kumvisha mtoto kwa mikono yake. Na Binti amekubali, nawe umesema ni jambo zuri, litampoza moyo.

Dada, weka miwani vizuri uendelee kusoma.

Unakumbuka hali aliyokuwa nayo Kitinda baada ya kumzika mkewe. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, ambaye herufi zake zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara hata na dereva mwenye haraka, alianza kuandika herufi zinazoegemeana kama walevi. Aliacha kupiga mluzi. Binti akahamia kwako, kwa shangazi yake, kwa sababu nyumba ya baba yake ilikuwa haina sauti. Wewe ndiye uliyesikia habari za kambi hii: wiki nzima ya kuteremka mto kwa mitumbwi, mchana kuchora na kufinyanga udongo, jioni kusomeana mashairi, na saa za ukimya ili watu wasikilize ndege. Mimi nikacheka, nikasema ni watu wa mjini wanaolipia kuumwa na mbu. Ukaniambia nifunge mdomo na niende naye. Nikaenda. Ulikuwa umeniona vizuri: kwa kumchunga Kitinda ningekwenda hata kuzimu, mradi niruhusiwe kulalamika njiani.

Nataka kumtendea haki Mama Utulivu, maana makala zangu zimenizoeza kuwatendea watu kinyume chake. Jina hilo walimpa wanafunzi wake wa zamani, alipokuwa akifundisha maigizo. Ni mwanamke mwenye sauti ya chini na subira isiyo ya kawaida. Humwita kila mtu "mpenzi wangu" na kweli hupenda. Siku ya pili tu alimpa Kitinda brashi na kipande cha ubao, hakumwambia achore nini, akaenda zake. Kitinda akakaa nacho hadi jua likazunguka. Siku iliyofuata akamtaja mkewe kwa jina, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza. Na siku moja nikiwa naosha vyombo nikasikia mluzi nyuma ya hema. Niliacha sahani ndani ya beseni, nikasimama tu. Kwa hiyo usidhani namchukia yule mama. Laiti ningeweza kumchukia sawasawa, ningelala.

Tulikuwa watu wanane, mitumbwi minne. Wa kukumbuka ni wawili tu: daktari wa meno, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akitukagua midomo tunapopiga miayo, na mwenye mitumbwi, kijana mwenye misuli tuliyemwita Kocha, aliyekuwa na kazi ya kutuongoza majini. Na kila mmoja wetu alipewa jaketi la kuokolea maisha, la rangi ya chungwa, lenye mikanda inayong'aa na filimbi ndogo begani. Hata mimi sikupata cha kulalamikia hapo.

Alasiri ya kwanza, kabla hatujagusa maji, Mama Utulivu alitukusanya kuzunguka sufuria kubwa iliyokuwa ikitokota magome na tope jekundu. Akagawa vipande vya pamba nyeupe. Kazi yetu ya kwanza ya sanaa, alisema, ni kutia kitambaa rangi ya mto, kukichora, na kukishona juu ya jaketi kama foronya juu ya mto wa kulalia, ili tusiingie kwenye uumbaji tukiwa tumevaa rangi ya kiwandani. Akainua jaketi moja juu, akasema:

"Wapenzi wangu, tazameni rangi hii. Hii ni kelele. Ni woga tuliouvaa ili kuuonesha mto kwamba hatuuamini."

Nikamjibu: "Mama, mimi nimeuvaa woga tangu nizaliwe, na umenifikisha miaka hamsini na mbili bila kuchanika."

Walicheka, hata yeye alicheka. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini unanijua: nikishaona watu wamecheka, nasimama. Nikawapa hotuba. Nikawaambia kwamba watu wanaoishi na mto, wanaozikana kwa sababu ya mto, hawajawahi kutaka kufanana nao. Hata boya la wavu hupakwa rangi inayoonekana, na hilo ni la kutafutia samaki, sembuse mtu. Nikasema anayetaka kufanana na gogo ni yule mwenye tiketi ya kurudi mjini Jumapili. Nikawaita watu wazima wanaocheza kuwa vichaka. Kisha nikamgeukia Kocha mbele ya wote, nikamtaka aseme kama ni salama. Kocha akajikuna shingo, akatazama sufuria, akasema jaketi huelea vile vile hata likipakwa masizi, na kwamba msimu huu mto ni mpole kama paka aliyeshiba. Kuhusu kuelea alisema kweli kabisa. Jaketi lilielea.

Duara lilikuwa limepoa kama chai iliyosahaulika. Mama Utulivu macho yalimlowa. Alisema hakuna anayelazimishwa, nami nina ruhusa ya kubaki na kelele yangu. Kitinda alikuwa amekaa karibu na miguu yangu. Alinivuta suruali, akasema polepole, "Kaka, basi. Kwa leo tu, basi."

Nikakaa. Lakini jaketi langu sikulishonea kitu. Nikabaki chungwa bichi katikati ya matope, nikitamba. Kila Mama Utulivu alipotaka kupiga picha ya msafara, nilikuwa doa. Mwishowe aliniomba kwa adabu nikae mtumbwi wa mwisho, na Kitinda, kwa kuwa ndiye mwenzangu, akaja nyuma pamoja nami.

Siku ya ajali ilikuwa asubuhi nzuri, nakuambia kwa sababu watu hupenda kudhani kulikuwa na dhoruba. Hapakuwa na dhoruba. Zilikuwa saa za ukimya, hakuna aliyesema neno. Mto ulifika mahali unapobanwa na miamba miwili, maji yakapandana kidogo, mitumbwi mitatu ikapita. Wetu uligusa jiwe upande wa kushoto, mimi nikaegemea upande usiofaa kama nilivyozoea maishani, tukapinduka. Hivyo tu. Kitu cha kuchekesha jioni yake.

Niliibuka. Nikamwita Kitinda. Maji yaliniingia mdomoni, nikamwita tena. Nikaona mitumbwi yote mitatu imegeuka na inakuja kwangu, makasia yanapiga maji kwa pupa, daktari wa meno ameinama mbele na mkono umenyooka. Walinishika ukosi, wakanivuta kama gunia. Nikalala ndani ya mtumbwi nikikohoa, nikawauliza yuko wapi, nao wakanitazama wakatazamana.

Hadi hapo ndipo nilipowasimulia pale msibani. Baada ya hapo niliwaambia kwamba kichwa chake kiligonga jiwe na akafa papo hapo, hata asijue. Mama alishukuru kwa hilo. Wewe uliniuliza swali lako. Nami nikanyamaza.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka kukimbia, na mkono wangu umekwishasimama mara kadhaa.

Kitinda hakufa papo hapo. Aligonga kichwa, ndiyo, kulikuwa na uvimbe juu ya sikio, na labda alizubaa kwa muda. Lakini jaketi lilimbeba, uso juu, kama lilivyotengenezwa kufanya. Lilimbeba likampitisha palepale ilipokuwa mitumbwi mitatu iliyokuwa ikipanda kuja kunichukua mimi. Alipita katikati yao, Dada. Daktari wa meno aliniambia haya wiki mbili baada ya mazishi. Alikuja nyumbani kwangu, akakataa kukaa, akasimama karibu na rafu ya vitabu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, yule mwanamke mcheshi, na akasema:

"Kuna gogo lilitupita. Nilinyanyua kasia lipite."

Sikumwelewa mara moja. Akaongeza kwamba kwenye maji walikuwa wameona mtu mmoja tu, mwenye rangi ya chungwa, wakadhani huyo wa pili bado ameshikilia mtumbwi uliopinduka, upande wa nyuma. Walimwona aliyeonekana. Ndiyo maana wote walikuja kwangu. Hilo ndilo jibu la swali lako. Sikumwachia mkono, sikumpanda mabegani, sikuogelea kumwacha. Niliokolewa kwa sababu nilikuwa rangi ya chungwa, na yeye alipitwa kwa sababu alikuwa rangi ya gome.

Na gome lenyewe, Dada, lilikuwa zuri. Unamjua Kitinda akishika brashi. Wenzake walichora majani na ndege na jua. Yeye alichora gome la mti mzee, nyufa kwa nyufa, na kuvu pembeni, hata daktari wa meno alikuwa akilipapasa aone kama lina makovu. Kipande kilichobaki alijifunga kichwani. Filimbi ilikuwa chini ya kitambaa, imeshonewa ndani kwa sindano yake mwenyewe. Mikanda inayong'aa ilikuwa chini ya kitambaa.

Tulimtafuta asubuhi yote. Chini ya ile miamba mto hukata kona, na kwenye kona kuna mti ulioangukia majini. Kocha alipanda juu ya jiwe akautazama ule mti. Nilipanda nikasimama kando yake, nikautazama. Mama Utulivu alikuja akautazama, akamwita Kitinda kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Tuliona matawi. Tukashuka, tukaenda kutafuta mbele zaidi, kwa sababu mahali pale tulikuwa tumekwishapatazama.

Alasiri tulirudi tukiwa tumechoka. Maji yalikuwa yakimsugua kwenye matawi muda wote huo, na mshono ulikuwa umeachia. Pembe ya kitambaa ilikuwa imechanika, na kipande cha rangi ya chungwa, upana wa kiganja, kilikuwa kikichungulia katikati ya matawi. Kocha alikiona akiwa mbali sana. Alikiona kutoka ng'ambo ya mto, kama bango.

Alikuwa amekumbatia tawi. Kucha zake zilikuwa zimejaa maganda ya mti, na vidole tulivifungua kimoja kimoja. Daktari aliyempima mjini alinivuta pembeni na kuniuliza kama niko tayari kusikia, nikasema niko tayari, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusema niko tayari. Akasema mtu huyu hakufa asubuhi. Alikaa. Baridi ndiyo iliyommaliza, na uchovu. Kwa hiyo nilipokuwa juu ya lile jiwe, nimesimama na jaketi langu bado linachuruzika, nikimwita jina, mdogo wetu alikuwa hapo, na nilikuwa nikimtazama.

Kwa nini sikusema? Utadhani nilimwogopa Mama Utulivu au sheria. Hapana. Nilinyamaza kwa sababu ukweli wenyewe una sura ya kwamba mimi nilikuwa sahihi. Fikiria nikisimama pale msibani, kati ya wajomba, niseme: niliwaambia. Maisha yangu yote mmenisikia nikisema niliwaambia. Uliwahi kusema utaniandikia maneno hayo juu ya kaburi. Sikuweza kuyasema juu ya la kwake.

Na pia kwa sababu si kweli kwamba nilikuwa sahihi. Kuna kitu kimoja bado.

Alasiri ile ya sufuria, nilipokwisha kuvuruga duara na kukaa chini nikiwa nimeshinda, watu waliinamia vitambaa vyao. Kitinda akainuka. Kabla ya hapo, kando, alikuwa ameninong'oneza kitaalamu, kama fundi anavyomwambia fundi, kwamba kwa upande wa rangi nasema kweli: chungwa juu ya maji ya tope ndiyo inayoonekana kuliko zote, yeye mwenyewe angeiandikia bango. Alijua, Dada. Alijua kuliko mimi, mimi niliyesoma vitabuni tu. Lakini aliona yule mama analia, na ameaibishwa na mimi, kaka yake, mahali palipomrudishia yeye sauti. Akachukua kitambaa chake, akakitumbukiza kwenye sufuria, akakitoa kikiwa kahawia kama vya wenzake. Kisha akakitumbukiza tena, akakishikilia humo kwa fimbo hadi kikatoka cheusi-cheusi, rangi ya mti uliolowa. Akatabasamu kwa yule mama, akasema:

"Hiyo ya kwanza ilikuwa yangu. Hii ni ya kaka."

Wakapiga makofi. Mama Utulivu akamkumbatia. Duara likapata joto tena, na mimi nikapata kusamehewa bila kuomba. Vitambaa vya wengine vilikuwa vya rangi ya chai. Vikilowa bado vilionekana kidogo. Chake hakikuonekana kabisa. Alilivaa fungu langu juu ya lake ili watu wanistahimili, kama alivyokuwa akifanya tangu akiwa mdogo, nikigombana na walimu yeye anakwenda kuwabebea vitabu. Kwa ubishi wangu mimi nilitoka majini. Kwa adabu yake, aliyoilipa kwa ajili ya ubishi wangu, yeye hakutoka. Nimejaribu kulipanga hili kwenye sentensi yenye mwisho mzuri, nimeshindwa, na nimeandika sentensi maisha yangu yote.

Ungeweza kuniambia sasa: vizuri, umelia, tumekusikia, muache mtoto aende kuaga. Na ningekubali, kama ingekuwa ni kuaga tu. Lakini wiki iliyopita nilikwenda kambini. Nilikuta kamba imetandazwa kati ya miti miwili, na juu yake vitambaa vinakauka. Vyote vyeusi-cheusi. Nilimuuliza Mama Utulivu ni nini hivi. Akaniambia kwa upole kwamba msafara huu ni wa kumuenzi Kitinda, kwa hiyo kila mshiriki atatumbukiza kitambaa chake mara mbili, na kila mmoja atachora gome. Kila mmoja, Dada. Mitumbwi yote. Nikamwambia aliyoniambia daktari wa meno. Nikamwambia aliyoniambia daktari wa mjini. Sikupaza sauti, naapa, nilizungumza kama mtu anayeuliza njia. Alilia. Alinishika mikono yote miwili, akasema maumivu yangu ni ya rangi ya chungwa, yanapiga kelele yapate kuonekana, na kwamba siku nitakapoyatia rangi ya mto nitapumzika. Nilimtafuta Kocha. Yeye alitazama chini na kusema kwamba ameagiza filimbi mpya. Nikamuuliza zitakaa wapi. Akasema, chini ya kitambaa.

Haya si mabaya ya watu wabaya. Wabaya ningejua la kuwafanya. Nimekula mshahara kwa ajili yao miaka mingi. Hawa ni watu wema waliopenda wazo lao zuri hadi likawafunika macho, na sasa limepata mtu wa kulifia, hawataliacha tena. Nikiandika gazetini watasema ni ndugu wa marehemu, uchungu unasema. Nikisimama gatini watasema ni yule mgomvi. Watakaosikilizwa ni ninyi, kwa sababu ninyi ndio mlioalikwa.

Msalimie sana Mama. Jirani zenu wote, wale wa duka na wale wa mkono wa kulia, wape salamu zangu. Barua hii msomee Mama yote, hata pale pa vidole. Nilimdanganya ili apate usingizi, na alivyogeukia ukuta naona hakuupata.

Shemeji, wewe ndiye unayeendesha lile gari. Siku hiyo liharibike, kama linavyoharibika siku nyingine zote.

Binti, mwanangu, najua unasoma juu ya bega la shangazi yako. Baba yako aliishi kwa kazi ya kufanya vitu vionekane. Ukitaka kumkumbuka, nenda ukashuke mto wowote unaotaka, nitakuja nawe nikae nyuma nikilalamika. Lakini jaketi lile usilivae.

Na wewe Dada: kama ni lazima mwende, basi hotuba usiisome. Chukua mkasi wa Mama, ule mkubwa wa kukatia nguo. Fika gatini kabla ya watu kupanda. Anza na jaketi la mdogo wetu, ukate mshono wake mwenyewe, ubandue gome lote mpaka rangi itoke. Kisha uende kwa la pili, na la tatu, mbele ya macho yao, na usimruhusu mama wala baba yeyote aliyepo amtie mtoto wake majini kabla hujafika la mwisho.

Ndugu yako uliyemkabidhi,
Mbishi